Mvuvi siyo mkosaji peke yake

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Kila samaki wakiadimika kwenye mto mkubwa lawama anabebeshwa mvuvi na nyavu zake za matundu madogo. Ni kweli makokoro na vyandarua vinazoa mpaka vifaranga na mimi sitetei hilo hata kidogo, ila kinachoniuma ni kwamba tunaishia hapo hapo, bwawa la umeme hakuna anayeligusa.

Samaki wengi wa mtoni hawazai hovyo tu. Wanapanda mto mpaka kwenye mazalia yao, wanasubiri maji yapande na joto lake likae sawa ndo wanaachia mayai, na kuna mayai yanayosafiri na mkondo kilomita nyingi kabla ya kuanguliwa halafu vifaranga wanaingia kwenye mabonde yaliyofurika kula na kujificha. Sasa weka ukuta wa bwawa hapo katikati. Samaki anafika anagota, anabaki kuzungukazunguka chini ya ukuta na mayai yake tumboni. Na maji yanayofunguliwa mara nyingi yanatoka chini kabisa ya bwawa, ya baridi, yanapanda na kushuka kufuata mahitaji ya umeme wala sio majira. Yale mayai ya kusafiri na mkondo yakiangukia maji yaliyotuama yanazama yanakufa. Watu watasema kuna ngazi za samaki, yaani njia za maji zenye vidato za kumvusha samaki ukuta, sawa, lakini nyingi zilibuniwa kwa ajili ya samoni ambaye anajua kuruka, wengine wengi haziwafai.

Mfano upo China, mto Yangtze. Bwawa la Gezhouba liliziba mto mwaka 1981 likamkatia njia ya kwenda kuzaa samaki mmoja mkubwa sana mwenye pua ndefu bapa kama kasia, kitaalamu Psephurus gladius. Mara ya mwisho kuonekana hai ni 2003, na mwaka 2022 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ikatangaza rasmi kwamba ametoweka duniani. Marufuku ya kuvua ya miaka 10 kwenye mto huo ilianza Januari 2021, wavuvi zaidi ya laki 2 wakaacha kazi, yaani aliyelipa gharama kubwa ni mvuvi, na huyo samaki alikuwa ameshaondoka zamani.

Sijagusa uchimbaji mchanga unaoharibu mazalia, wala mbolea inayotiririka toka mashambani ikaotesha mwani mpaka oksijeni inaisha kwenye maji.

Na sisemi mabwawa yote yabomolewe, umeme tunauhitaji wote. Ila huko huko Yangtze tangu 2011 bwawa la Three Gorges limekuwa likifungulia maji kwa makusudi msimu wa kuzaa ili mto upande na samaki wapate ishara yao, kwa hiyo inawezekana. Tunachoomba wanaoendesha mabwawa wafanye hivyo kila mwaka, ratiba ya kufungulia maji itangazwe mapema, na wavuvi wawe kwenye kikao kinachoipanga, maana wao ndo wanajua samaki wanapanda lini.

Msomaji wako