Tumepanda daraja, Salim, nami sina usingizi

Mombasa, Jumatano usiku

Sahibu yangu Salim,

Assalaam aleikum. Huku sote wazima, alhamdulillahi. Mamako nilimpitia Jumapili, goti lina nafuu. Nisamehe kimya cha miezi yote hii. Naandika kwa haraka kwa sababu jambo lenyewe halingoji: Jumamosi kamati ya timu inakaa kupitisha usajili wa wachezaji, na mimi ndiye mshika fedha.

Ami yako ameleta majina matatu: kipa, beki wa Likoni, na yule winga wa Changamwe aliyetutesa mwaka juzi. Kila mmoja ataka 20,000 za kutia saini na 8,000 kwa mwezi. Ami anazungumzia ile 60,000 tu. Amepata mtu wa kuitoa, basi kwake kazi imekwisha. Salim, hiyo 60,000 hainitishi. Inalipwa siku moja, watu wanapiga picha, inasahaulika. Kinachonitisha ni 24,000 itakayobisha hodi kila mwisho wa mwezi, miezi tisa, yaani 216,000. Daftari liko mbele yangu, lile ulilolimwagia kahawa, na michango yote ni 150,000. Hapo basi la kwenda Voi na Malindi sijaligusa.

Nikamtolea mifano ya Uingereza, maana mechi za Jumamosi hazimpiti. Fulham walipanda Ligi Kuu 2018, wakamwaga zaidi ya pauni milioni 100, na msimu uleule wakashuka. Akanijibu kwa Nottingham Forest: walipanda 2022, wakasajili zaidi ya watu 20, wakabaki. Kweli walibaki, lakini mwaka 2024 walikatwa pointi 4 kwa kuvuka kiwango cha hasara kinachoruhusiwa. Akanirudia na Luton: walipanda 2023, wakajibana, wakashuka 2024, na 2025 wakashuka tena. Hapo nilinyamaza. Kujibana peke yake hakukuwaokoa, siwezi kukataa.

Ila wale wana vitu sisi hatuna. Mchezaji wa pauni milioni 25 mwenye mkataba wa miaka 5, ada yake huandikwa vitabuni milioni 5 kila mwaka, mshahara ukiwa juu yake. Klabu yenye akili hutia kipengele kwamba timu ikishuka mshahara unapungua. Na wakishuka bado hupata fedha za televisheni kwa misimu kadhaa, wanaziita za parachuti, ili wasivunjike mgongo kwa mikataba waliyosaini wakiwa juu. Sisi tukishuka, winga atakuja mlangoni kwangu na mkataba wake, na atakuwa na haki.

Halafu kuna vijana waliotupandisha. Hawa ndio wanaoninyima usingizi hasa. Wanapata 200 kwa mechi na nauli. Jana nahodha alinifuata kiwanjani, viatu mkononi, kimoja kimeshonwa kwa uzi wa nyavu za kuvulia. Akaniuliza, "Mjomba, ni kweli winga atalipwa elfu nane?" Nilimwambia bado hatujaamua. Hakusema kitu, akavaa viatu akaingia mazoezini. Ukimpa mmoja 8,000, wenzake kumi nao wataulizia zao, na sioni kwa nini wasiulizie. Lile swali halipo kwenye hesabu za Ami hata kidogo.

Nionavyo mimi, tumchukue winga peke yake, msimu mmoja, 5,000 kwa mwezi na kitu kidogo tukishinda, na iandikwe kabisa inakuwaje tukishuka. Posho ya vijana ipande hata kama ni kwa mia moja. Na yule wa 60,000 aombwe aigawe kwa miezi. Akikataa, tutajua ataka picha au ataka timu.

Ami hanisikii, ananiona mwoga. Wewe anakusikia tangu zamani. Utampigia kabla ya Jumamosi? Umwambie ni wewe umefikiri, au useme nimekuandikia? Zile jezi za Mwalimu ulizozisema, bado zipo? Na kule kwenu timu za mitaa hulipaje, kwa mwezi au kwa mechi? Mkataba wenu mmoja unaweza kunitumia picha yake niuone ulivyoandikwa? Na Ramadhani unakuja, au tena hadi Idi?

Ni mimi sahibu yako,
Mshika fedha