Viza ya mwenza Uingereza: kwa nini hatujazi fomu siku unayokuja

"Fomu iko mtandaoni, nyie mnatutoza ya nini?" Swali hili haliishi ofisini kwetu. Sasa kuna mteja anayetutangaza kuwa matapeli kwa sababu tulikataa kumjazia mkewe fomu siku hiyo hiyo. Alikuja na slipu nne za mshahara wakati zinatakiwa sita. Tungemjazia, tungekula hela yake, na ada aliyolipa serikali ya Uingereza ingepotea pia.

Kujaza fomu ni kazi ya mchana mmoja. Kazi yenyewe ni karatasi. Tangu tarehe 11 Aprili 2024, mdhamini, yaani mume au mke aliyeko Uingereza, anatakiwa awe na kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka kabla ya kodi. Zamani ilikuwa 18,600, na bado wapo wanaokuja na hesabu hiyo waliyopewa na shemeji. Mshahara wa mke aliyeko huku Dar hauhesabiwi. Kama mdhamini ameajiriwa sehemu moja, tunataka slipu za miezi sita mfululizo, stetimenti za benki za miezi hiyo hiyo na barua ya mwajiri. Halafu tunakaa na rula, mstari kwa mstari. Bwana mmoja anayefanya kazi ghalani Leicester, slipu yake ya Machi ilisema pauni 2,012, benki ziliingia 1,962. Hamsini alikuwa amezichukua taslimu mapema. Jambo dogo, lakini afisa anayesoma faili hamjui bwana huyo. Tulisubiri mwajiri aandike maelezo, ndipo maombi yakaenda.

Cheti cha ndoa kikiwa kwa Kiswahili, lazima kiambatane na tafsiri yenye jina, sahihi na mawasiliano ya mfasiri, pamoja na tarehe. Hilo tunalimaliza wenyewe.

Linalotuumiza roho ni viza ya matembezi. Ndoa imefungwa Tanga, ubwabwa umeliwa, kishoka anamwambia bwana harusi: "Mwombee bibie viza ya matembezi, akifika mtabadilisha huko huko." Kanuni haziruhusu. Aliyeingia kama mgeni habadilishi kuwa mwenza akiwa ndani ya Uingereza. Anarudi nyumbani kuanza upya, na nauli ya pili juu. Na hao ndio wenye nafuu. Dada mmoja kishoka wake alimwandika "hajaolewa" ili viza itoke haraka. Haikutoka. Alipokuja kwetu na cheti cha ndoa, tarehe ya cheti ilikuwa ya nyuma kuliko ile fomu. Uongo kwenye maombi ukigundulika, mtu anaweza kufungiwa miaka 10. Tulimwelekeza kwa wakili aliyesajiliwa Uingereza, maana hapo pamekwisha kuwa pa sheria, na ada ya wakili huyo ukiiweka karibu na yetu, yetu ni nauli ya daladala.

Wengine, kipato kikipungua, wanaazima hela ziingie benki wiki moja kabla ili zionekane ni akiba yao. Akiba inatakiwa ikae miezi sita mikononi mwenu, na kama mdhamini hana kipato kabisa, ni pauni 88,500. Hela ya kuazima hailali benki nusu mwaka.

Kiingereza nacho, kwa maombi ya kwanza kiwango cha A1, kile cha chini kabisa, kinatosha, ila mtihani uwe ule unaokubaliwa kwa viza. Kijana mmoja alileta matokeo mazuri sana ya mtihani wa kujiunga na chuo. Ikabidi alipie mtihani mwingine. Tuulizeni kabla ya kulipia.

Sasa tuzungumze bei. Aprili 2025 ada ya maombi ilipandishwa hadi pauni 1,938. Ada ya afya ni pauni 1,035 kwa mwaka, na kwa viza ya kwanza, inayohesabiwa miaka mitatu, inafika 3,105. Mkikataliwa, ya afya inarudishwa. Ya maombi imekwenda. Anayetuona ghali ajiulize anataka kuilipa hiyo mara ngapi.

Kwetu ukaguzi wa karatasi unalipiwa mara moja, hata mkirudi na slipu mpya. Tukiona bado, tunakwambia usubiri, tunakuandikia kilichopungua na mwezi wa kurudi. Hela ya kujaza na kutuma hatuipokei mpaka faili limetimia.