Risala ya familia za wanajeshi wa Kahawa West, Nairobi, kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Makasisi na maimamu wa vikosi, wauguzi, wazee wetu mliostaafu, mabibi na mabwana,

Hamjambo nyote.

Sisi ni wake, waume, wajane na wazazi wa wanajeshi wa KDF, Jeshi la Ulinzi la Kenya, tunaoishi Kahawa West, Githurai na Zimmerman. Tumefurahi kukupokea, hasa siku hizi zilizo kati ya Siku ya Afya ya Akili Duniani, Oktoba 10, na Siku ya KDF, Oktoba 14. Habari za akiba na mradi wa kuku zimo katika taarifa ya mweka hazina. Sisi tuna jambo moja la kukuomba, nalo ni usiri wa mwanajeshi atakayeiambia mashine ya akili mnemba yale asiyoweza kumwambia mtu.

Mheshimiwa, jeshi letu liliingia Somalia Oktoba 2011. Januari 15, 2016 kambi yetu ya El Adde huko huko ikashambuliwa. Tangu miaka hiyo kuna nyumba ambamo mlango ukibamizwa mtu mzima hujitupa sakafuni, na kuna mke aliyejifunza kumwamsha mumewe akiwa amesimama mbali, upande wa miguuni. Ukimwuliza mwenyewe, yuko sawa. Akifika zahanati ya kikosi, anaumwa na mgongo. Hatumlaumu. Anajua kwamba anayemwuliza ana cheo, na anahofia kwamba kinachoandikwa kitasomwa siku ya kupandishwa daraja au ya kukabidhiwa silaha.

Ndiyo sababu habari za akili mnemba zimetugusa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California, wakifadhiliwa na DARPA, shirika la utafiti la wizara ya ulinzi ya Marekani, waliunda mhojaji wa kwenye skrini aitwaye Ellie. Anauliza maswali huku kamera na maikrofoni vikifuatilia uso na sauti ya anayejibu. Mwaka 2014 walieleza kwamba watu walioamini wanazungumza na kompyuta tupu, bila mtu wa kuiendesha, hawakuogopa sana kujifungua. Mwaka 2017 wakaja na habari za wanajeshi waliotoka Afghanistan: walimtajia Ellie dalili nyingi za kiwewe kuliko walizozijaza katika fomu rasmi ya jeshi, na hata kuliko katika fomu iyo hiyo ilipojazwa bila jina. Hakuna mama hapa aliyeshangaa. Lakini Ellie hakuwa tabibu. Kazi yake ilikuwa kuuliza na kusikiliza, tiba ibaki mikononi mwa watu.

Huko huko Marekani, idara inayowahudumia maveterani ina mpango uitwao REACH VET, ulioanza kutumika 2017. Programu hupitia rekodi za matibabu ikitafuta asilimia 0.1 ya wagonjwa walio katika hatari kubwa zaidi ya kujiua, kisha mhudumu huwatafuta mmoja mmoja. Tunaipenda sehemu hiyo ya mwisho: mtu anampigia mwenzake simu. Hata hivyo, hesabu za mwanzo hazikutia maanani ukatili wa kingono unaotokea jeshini, na sisi tuna mabinti waliovaa sare. Mashine hupima kile tu ilichofundishwa kupima.

Sasa, Mheshimiwa, wasiwasi wetu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti, lakini inaruhusu ulinzi huo uondolewe kwa sababu za usalama wa taifa. Katiba nayo, kifungu cha 24(5), inakubali sheria ipunguze haki kadhaa za mwanajeshi, na ya kwanza kutajwa ni faragha. Kwa raia wa kawaida milango hiyo miwili si kitu cha kumkosesha usingizi. Kwa askari anayetaka kusema kwamba usiku anawaona wenzake waliokufa, ndiyo inayomfunga mdomo. Akisikia mara moja tu kwamba maneno ya mwenzake yalimfikia kamanda, mashine hiyo haitaambiwa ukweli tena katika kikosi chochote.

Kwa hiyo tunaomba, kabla programu yoyote ya namna hii haijaletwa kambini, itolewe amri ya maandishi inayotenganisha mazungumzo hayo na faili la utumishi. Hatari ya mtu kujidhuru au kudhuru wengine ipelekwe kwa daktari moja kwa moja, si kwa mkuu wa kikosi. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kumwadhibu kwa jela aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Askari naye aguswe na huruma hiyo.

Programu ijaribiwe kwanza na wanajeshi wetu wenyewe, kwa Kiswahili chao kilichochanganyika na Sheng na lugha za nyumbani, wakiwemo wanawake.

Na washauri nasaha waongezwe. Askari akishaiambia mashine kwamba hataki kuishi, jibu asisubirishwe hadi Jumatatu. Sisi wa nyumbani pia tupewe nambari ya kupiga saa nane za usiku, na apokee mtu.

Karibu sana, Mheshimiwa. Chai iko tayari, na wajane wetu wangependa kuzungumza nawe faraghani kabla hujaondoka.

Ni sisi, familia za wanajeshi, Kahawa West.
Imesomwa na katibu.