Barua ya wazi kwa waigizaji mnaotaka kuingia kwenye siasa

Wanangu waigizaji,

Nasikia baadhi yenu mnajiandaa kugombea, na wengine mnatamani ubalozi. Sina nia ya kuwakatisha tamaa. Wanaosema mwigizaji hana lake katika uongozi wanakosea, na Shirley Temple wa Marekani ni ushahidi. Naomba tu maisha yake myasome yote, msirukie pale alipoitwa Mheshimiwa Balozi.

Alianza filamu akiwa na miaka 3. Kuanzia 1935 hadi 1938 hakuna nyota wa Hollywood aliyemzidi kwa kujaza kumbi za sinema. Filamu akaziacha mwaka 1950, akiwa na miaka 22 tu.

Mwaka 1967 akagombea ubunge huko California, kwa tiketi ya Republican. Nani asiyemjua? Akabwagwa na wakili Pete McCloskey, ambaye umaarufu wake haukufika hata robo ya wake. Hapa ndipo ninapotaka mtulie, wanangu. Wakati ule Marekani ilikuwa inazika vijana wake waliokufa Vietnam. Yeye aliiunga mkono vita ile, McCloskey aliipinga. Mpiga kura mwenye mtoto wa kiume nyumbani ana swali zito kuliko filamu aliyoipenda utotoni. Shabiki hukupungia mkono barabarani kisha akaenda kumpigia kura mwingine, na wala hajakusaliti.

Mama yule hakususa. Mwaka 1969 Rais Nixon alimteua kuwa mmoja wa wajumbe wa Marekani katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Kazi ile haina makofi: ni makabrasha, vikao virefu, masuala ya wakimbizi na mazingira. Nadhani ndiko alikokomaa. Ghana alipelekwa kuwa balozi mwaka 1974, miaka saba baada ya kushindwa. Mwaka 1976 akawa mwanamke wa kwanza kuwa Mkuu wa Itifaki wa Marekani, yaani msimamizi wa mapokezi na taratibu za wageni wa serikali.

Halafu kuna Prague, mji mkuu wa iliyokuwa Czechoslovakia. Agosti 1968 alikuwa huko kwa shughuli za chama cha wagonjwa wa "multiple sclerosis", ugonjwa wa mfumo wa fahamu uliomsumbua kaka yake, vifaru vya Kisovieti vilipoingia. Alisimulia kwamba akiwa hotelini alimwona mwanamke asiye na silaha akipigwa risasi. Mwaka 1989 alirudi Czechoslovakia akiwa balozi, na kabla mwaka haujaisha utawala wa kikomunisti ukaanguka, Václav Havel, mwandishi aliyeupinga utawala huo, akawa rais. Wacheki hawakuhitaji kumweleza walichopitia. Aliyajua.

Basi kabla hamjachapisha mabango, tafuteni kazi ya kamati, hata isiyo na posho. Someni miswada. Kaeni na watu wenye shida bila kamera. Na mkishindwa uchaguzi wa kwanza, njooni tuzungumze; mlango wangu u wazi.

Wenu,
Mzee anayewapenda