Risala ya Wahitimu wa Mafunzo ya Huduma za Melini kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mabaharia

Ndugu Mgeni Rasmi, mwakilishi wa wenye meli za kitalii. Mkuu wa Chuo. Walimu, wazazi na wageni waalikwa,

Tunayo heshima kukukaribisha leo, tarehe 25 Juni, Siku ya Mabaharia Duniani, iliyoazimiwa katika mkutano wa kimataifa mjini Manila, Ufilipino, mwaka 2010. Risala za wahitimu huwa na orodha ndefu ya shida za chuo. Yetu tumeamua iwazungumzie waliotutangulia kazini.

Ndugu Mgeni Rasmi, abiria hupanda meli ikiwa imekwisha kutandikwa. Asichokiona ni asubuhi ya siku hiyohiyo, ambapo maelfu ya watu wa safari iliyopita hushuka, na mhudumu wa vyumba hubaki na saa chache tu za kuvua mashuka, kusugua mabafu na kutandika upya kabla wageni wapya hawajabisha hodi. Wakati huo dobi yumo kwenye joto la mashine, na fundi wa injini aliyetoka zamu anautafuta usingizi katika chumba kisicho na dirisha, asijue kama nje ni usiku au mchana. Wengi wao hukaa baharini miezi sita hadi tisa kwa mkataba mmoja, na misiba ya kwao huisikia kwa simu.

Februari 2020, meli ya kitalii ya Diamond Princess ilipowekwa karantini Yokohama, Japani, kwa sababu ya korona, abiria waliamriwa wasitoke vyumbani. Mabaharia wake, zaidi ya 1,000, waliendelea kupeleka chakula mlango kwa mlango, ilhali wengi wao walilala wawili wawili katika chumba kimoja na ugonjwa ulikuwa umekwisha kuwaingilia. Sisi tunaosoma kazi hii hatujapata mfano mkubwa kuliko huo.

Kwa hiyo shukrani zetu zinaambatana na ombi. Mkataba wa kimataifa wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006 umeweka kiwango cha mapumziko kisichopungua saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika siku saba. Kwa maoni yetu saa hizo ni chache. Lakini hata hizo chache tunaomba zipatikane kitandani, zisiishie kuandikwa daftarini. Aidha, marekebisho ya mkataba huo yaliyoanza kutumika Desemba 2024 yanataka mabaharia wapate intaneti, na malipo yake, kama yapo, yawe ya wastani. Utusaidie kulikumbusha hilo kwa wenzako.

Mbele yako yupo tembo wa taulo, kama wale ambao wahudumu huwaachia abiria kitandani. Mkonga wake umelegea kidogo, kwa kuwa aliyemkunja bado anajifunza. Tafadhali umpokee kama zawadi yetu.

Tunaomba kuwasilisha.