Mwanangu, masaa nane sio kila kitu

Mwanangu kipenzi,

Juzi ulivyolala hapa nyumbani nilipita mlangoni kwako kama lisaa limoja baada ya wewe kulala, simu iko palepale kwenye mto karibu na sikio, kila meseji ikiingia inatetemeka na kitaa kinawaka usoni, wewe huamki ila unageuka, unashusha pumzi, unageuka tena. Nilisimama pale nikahesabu mara sita. Asubuhi nakuuliza umelalaje unaniambia masaa nane mama, freshi kabisa.

Masaa nane sikubishii, ila usingizi mzito sidhani kama uliupata baba.

Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago ulitoka 2008, walichukua vijana 9 wembamba wazima kabisa, rika lako, wakawalaza siku 3 mfululizo, na kila mashine ikionyesha mtu anaanza kuzama kwenye usingizi mzito wanapiga mlio, sio wa kumuamsha, wa kumtoa tu kule chini arudi kwenye ule mwepesi. Masaa ya kulala yalibaki yaleyale. Lakini baada ya hizo siku 3 miili yao ilikua haiitikii insulini kama mwanzo, imeshuka kama asilimia 25, siku tatu tu jamani! Na insulini ndo inafungulia sukari iingie kwenye seli, mwili usipoiitikia sukari inabaki kwenye damu na kongosho linazidi kuhangaika kutoa nyingine, miaka ikienda linachoka.

Kidole changu unakiona nnavyokitoboa kila asubuhi. Sisemi usingizi ndo ulioniletea sukari, bibi yako alikua nayo na mimi uzito niliuachia, ila damu ya bibi yako na wewe unayo, ndo maana nikikuona unageukageuka vile roho inaniuma. Usingizi mzito mwingi unakuja masaa ya mwanzo ya usiku, ndo hayohayo marafiki zako wanachati, halafu unapungua kadri umri unavyoenda, wangu mimi umeshapungua, wako bado upo.

Simu iache sebuleni. Najua utasema ndo inakuamsha kazini, nimekununulia saa ya kengele, iko mfuko wa mbele wa begi lako na betri nimeshaweka.

Mama yako