Barua kwa Lameck kuhusu msafara wa Iringa

Dodoma, Juni

Ndugu yangu Lameck,

Salamu kutoka huku kwenye upepo. Orodha yako ya msafara wa wikiendi kutoka Dodoma imefika: magari kumi na mawili, Subaru tano, Toyota Mark X tatu, Toyota Altezza mbili, Mitsubishi Evo moja na Mazda RX-8 moja. Umeuliza njia na hoteli. Hayo nitayajibu haraka, maana shida ya wikiendi kama hii haiko hotelini. Iko kati ya gari la kwanza na gari la mwisho, na hapo ndipo nitakapokuchosha.

Njia: nendeni Iringa. Barabara ya Morogoro ni malori na mabasi, mtashinda mnanusa moshi. Ya Singida ni nzuri ila inaelekea magharibi, na jioni jua linakuwa machoni. Ya Kondoa ina michoro ya Kolo, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, lakini ukiacha lami kwenda kwenye michoro yenyewe ni njia ya mawe, na gari lililoshushwa springi litaacha bampa huko. Iringa ni kilomita 260 za lami, kaskazini kwenda kusini, kwa hiyo jua liko ubavuni asubuhi na jioni. Tena kuna milima. Dodoma tuko kama mita 1,100 juu ya bahari. Mnateremka mlima wa Fufu hadi Mtera, ambako bwawa likijaa maji yako chini kidogo ya mita 700, kisha mnapanda mlima wa Nyang'oro hadi Iringa iliyovuka mita 1,500. Mwenye gari la michezo anataka nini tena?

Tarehe iwe Jumamosi ya pili ya Julai. Bunge la bajeti linakuwa limeisha, kwa hiyo wanaotoka Dar Ijumaa watapata vyumba Dodoma. Ukisogeza hadi Nane Nane, viwanja vya maonyesho vya Nzuguni vinajaa na mji wote unajaa navyo. Mvua hakuna. Jua linachomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama baada ya saa kumi na mbili unusu jioni, na safari yote ikae ndani ya masaa hayo. Usiku barabara ile ina punda na matrela yasiyo na taa. Na waambie wabebe sweta, Iringa ya Julai haina utani.

Hoteli: usiulize bei kwanza, uliza geti. Mwombe mtu wa Iringa apite na gari lililo chini kuliko yote mtakayokuwa nayo, aone kama pua inagusa pale getini, na ahesabu nafasi za kuegesha ndani ya uzio.

Polisi waandikieni mapema, mkuu wa usalama barabarani wa Dodoma na mwenzake wa Iringa, kila mmoja nakala yake, na namba za magari yote. Andika "safari ya pamoja". Neno "mbio" lisionekane popote, hata kwenye fulana. Kushindana kwenye barabara ya umma bila kibali ni kosa, na bima kubwa za magari kwa kawaida zina kifungu kinachokataa kulipa gari likiharibika kwenye mashindano au kupima mwendo. Fulana yenye maandishi ya kijinga inaweza kuiokoa kampuni ya bima na kukuangamiza wewe. Anayetaka kushindana aende Chama cha Magari Tanzania, mashindano yana wenyewe. Kwa hiyo hakuna saa ya kufika, hakuna zawadi ya wa kwanza. Kama mnataka mchezo, kila dereva aandike kwenye karatasi kabla ya kuondoka atajaza lita ngapi akifika Iringa. Aliyekaribia zaidi analipiwa chakula. Utashangaa mguu wa mtu unavyokuwa mwepesi.

Sasa lile lenyewe. Msafara ni kama mpira wa manati. Gari la kwanza likifika kwenye tuta linashuka hadi kilomita 15 kwa saa, linavuka, linakanyaga mafuta. Linapofika 80, la nne ndiyo kwanza linapanda tuta. Dereva wa nne anaona wenzake wamekuwa nukta, naye anakimbiza. Wa kwanza anakwenda 80, wa mwisho anakwenda 120 kuwafikia, na anawafikia kwenye kijiji kinachofuata, watoto wakiwa wanavuka. Ndiyo maana kwenye misafara ajali huanzia mkiani, na kiongozi akiulizwa anasema kweli kabisa kwamba yeye alikuwa anakwenda taratibu.

Dawa yake ni kugawa. Kumi na mawili fanya makundi matatu ya manne manne, yakiachana dakika tano. Kwa mwendo wa 80 dakika tano ni karibu kilomita saba, kundi halitaliona jingine hadi kituoni. Kiongozi akishavuka tuta abaki 50 mpaka aone kwenye kioo gari la nne limevuka, ndipo apandishe. Kwenye kijiji chenye matuta matano hiyo inachosha, najua. Achaguliwe anayeweza kuchoka bila kununa.

Nyuma ya kiongozi akae dereva mgeni kuliko wote. Wa mwisho awe mzoefu, mwenye pampu ya upepo na kamba. Vijana watagombania nafasi ya pili kwa sababu inapendeza kwenye picha, usikubali. Mgeni akiwekwa nyuma ndiye anayebeba ule mpira wote.

Nafasi kati ya gari na gari ni sekunde tatu. Kwa 80 unakwenda mita 22 kila sekunde, kwa hiyo ni kama mita 66. Chagua mbuyu, mwenzako akiupita hesabu "mia moja na moja, mia moja na mbili, mia moja na tatu". Ukifika kabla hujamaliza, uko karibu mno. Nafasi hiyo inamwezesha pia mwenye basi kuwaovateki mmoja mmoja badala ya kukuta treni.

Kuovateki: kila dereva anajiamulia mwenyewe. Aliye mbele asitoe indiketa ya kumwita wa nyuma, asipunge mkono. Nafasi aliyoiona yeye sekunde kumi zilizopita si yako. Akishapita lori asogee mbele vya kutosha ili mwenzake apate pa kuingia, na kiongozi apunguze. Wasiopita wabaki nyuma ya lori hata kilomita kumi, hakuna kilichoharibika. Ndani ya kundi lenyewe hakuna kupitana.

Kwenye njia panda, kila dereva anamlinda wa nyuma yake: hukati kona mpaka umwone kwenye kioo. Ukimkosa kwa dakika mbili, simama pembeni mahali pa wazi. Wa mbele yako atakukosa na yeye atasimama, na habari itafika kwa kiongozi bila simu. Simu zishikwe na abiria tu. Hizo redio za mkononi ulizosema zinahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, achana nazo.

Muda uwe hivi. Saa kumi na mbili asubuhi kukusanyika upande wa barabara ya Iringa, matenki yakiwa yamejaa tangu Ijumaa. Hili la matenki usililegeze: magari kumi na mawili kwenye pampu moja, dakika nne kila moja, tayari umepoteza dakika 48. Maelezo robo saa, kisha kundi la kwanza litoke saa moja. Mpunguzi, Fufu, Chipogolo, Mtera. Pale Mtera simameni nusu saa, samaki wapo, ila kamera zisielekezwe kwenye mitambo ya umeme. Halafu Migori, Izazi, mlima, Nduli, mjini. Hesabu saa nne za kuendesha, maana vijijini ni 50 na tochi ya trafiki ya kupima mwendo haijali gari lako limegharimu nini. Faini ni shilingi 30,000 kwa kosa, na msafara ukikamatwa mnasimama wote. Ulizeni pia siku za mnada vijijini, kwani siku hiyo mifugo inamiliki lami.

Kwa hesabu ya kilomita nane kwa lita, Subaru STI itakula lita 33 kwenda tu. Msitegemee mafuta ya madumu njiani. Hizo turbo za Japani zilipangwa kwa petroli ya oktani karibu 100, na ya kwetu haifiki hapo. Ukipanda Nyang'oro ukiwa gia ya tano, mzunguko mdogo, mguu umezama, injini inaanza kugonga kama kokoto kwenye kopo. Shusha gia, legeza mguu. Mlio ule ukiuzoea unatoboa pistoni.

Ukaguzi ufanyike wiki moja kabla, siyo asubuhi ya safari, ili kuwe na muda wa kutengeneza. Tairi: soma tarakimu nne ubavuni, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ikipita miaka sita, hata ikiwa na meno, ibaki nyumbani. Upepo upimwe tairi likiwa baridi, kwa namba iliyo kwenye mlango wa dereva. Ukipima tena Migori utakuta umepanda paundi nne au tano. Usiupunguze, ni joto tu.

Nati za magurudumu zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, nyutoni mita (Nm) 100 hivi kwa Subaru na Toyota hizo, na zirudiwe Mtera kwa waliobadilisha rimu karibuni. Wenye nati za kufuli wakuonyeshe ile soketi yake mkononi. Gari linaweza kuwa na spea, jeki na dereva mwenye nguvu, likalala porini kwa sababu soketi imebaki kabatini Dar. Na STI yenye breki za Brembo ipimwe spea yake: rimu ndogo ya Impreza ya kawaida haivai juu ya kalipa ile.

Maji ya rejeta: fungua mfuniko asubuhi injini ikiwa baridi, washa, tazama. Vipovu visivyokoma kwenye Subaru ni gasketi ya silinda hedi, gari hilo haliendi. Oili: RX-8 inaichoma kwa makusudi, ndivyo ilivyoundwa, hivyo apime kila akijaza petroli na abebe lita mbili. Wenye turbo wabebe lita moja moja, na wakisimama waache injini iungurume dakika moja kabla ya kuzima.

Breki nimeziacha mwisho kwa sababu zitasahaulika hadi Jumapili. Kwenda, Nyang'oro mnaupanda, kurudi, mnateremka. Mafuta ya breki hunyonya unyevu. Ya aina ya DOT 4 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 230, lakini yaliyokwisha kunyonya maji yanaweza kuchemka kwa 155, na mwenye gari hajui kwa sababu mjini hayajawahi kufika huko. Mlimani inakuwa hivi: kona ya kwanza sawa, ya pili sawa, ya tatu harufu ya pedi inaingia ndani, ya nne pedeli inashuka laini kama inakanyaga sifongo, maana chini yake sasa kuna mvuke. Papo hapo pampu haraka haraka, shusha gia, tafuta upande wa mlima. Lakini kinga ni rahisi: mafuta yaliyozidi miaka miwili yabadilishwe wiki hii, lita moja inatosha gari zima, na mteremko wote uendeshwe gia ya tatu au ya pili, wenye otomatiki waiondoe kwenye D. Mkifika chini msisimame ghafla na kuvuta handibreki. Endeleeni polepole kilomita mbili tatu diski zipoe.

Gari la huduma lifuate nyuma kabisa: Hilux, jeki fupi inayoingia chini ya gari la chini, kamba, kulanti lita tano, vizima moto viwili. Kila gari liwe na triengo zake mbili, ya nyuma iwekwe hatua sitini, na kama kuna kona iwekwe kabla ya kona. Kata na matawi pia, madereva wa malori wanayaheshimu kuliko triengo. Subaru na Evo zikifa zisiinuliwe magurudumu mawili na kuvutwa, zinaendeshwa kwa magurudumu yote manne na mtavunja difu ya katikati, zipakiwe zima.

Pombe Jumamosi jioni, baada ya wewe kukusanya funguo zote kwenye mfuko mmoja. Jumapili toka Iringa saa tatu, kabla hamjawasha muulize kila mtu amelala saa ngapi.

Nitumie majina ya viongozi wa makundi kabla ya Jumatano, na mwenye Altezza nyeupe mwambie tairi zake za nyuma nimeziona kwenye picha. Zisomwe tarakimu.

Wako,
Chiku